Ngogwe za Bibi na Maji ya Kisima

Soga, Kibaha,
18 Agosti 2024.

Mpendwa Shangazi Mwamvita,

Shikamoo shangazi yangu. Natumaini barua hii inakukuta umeketi na chai yako ya tangawizi, na goti limetulia. Ile dawa ya kuchua aliyokuletea kaka Khalfani imesaidia? Mkewe naye hajambo? Na huko Nachingwea baridi imepungua, au bado mnajifunika mablanketi mawili?

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Naila ametimiza miezi tisa na ameota meno mawili. Ananing'ata akinyonya, kisha anacheka. Usingizi sina. Juzi nimetia chumvi kwenye chai badala ya sukari, na Sadick akainywa yote. Nilipoonja yangu nikamuuliza mbona hukusema, akajibu, "Mke mwenyewe macho mekundu hivi, nani atathubutu?"

Utashangaa kuona naandika wakati simu ipo. Sababu ya kwanza utaikuta humo ndani ya bahasha. Ya pili ni kwamba kuna jambo nimelikwepa kwenye simu miezi mitano sasa, na nikiisikia sauti yako nitalikwepa tena.

Ni zile mbegu za ngogwe, nyanya chungu nyeupe za marehemu bibi Biubwa. Zile thelathini na moja ulizonipa kwenye kichupa cha dawa, zimeviringishwa kwenye majivu kama alivyokuwa akizihifadhi mwenyewe, ukaniambia Chole nzima, kijijini kwake, umeuliza na hakuna tena mwenye nazo. Kila ulipopiga uliniuliza, "Ngogwe za mama zimefika wapi?" Nami nikakujibu zinaendelea vizuri. Sikusema kweli, shangazi. Zilikuwa zinakufa. Naomba unisamehe.

Sikuzipanda ardhini. Udongo wa uani kwetu una ule ugonjwa wa mnyauko; mwaka jana nyanya zangu zote zilianguka zikiwa bado za kijani. Kwa hiyo nilipanda kwenye makopo, nikajaza makumbi ya nazi yaliyosagwa na maganda ya mpunga, bila udongo kabisa. Makumbi niliyaosha mara tatu kutoa chumvi. Ziliota ishirini na nne, nikamwita Sadick atoke bafuni na povu lake aje aone.

Mwezi wa Machi majani machanga yakaanza kuwa ya njano, mishipa peke yake ndiyo imebaki kijani. Nikadhani ni njaa, nikaongeza mbolea. Umanjano ukazidi. Ndipo nilipokuuliza kwa simu, nikijifanya nauliza kwa ajili ya mimea ya jirani, nawe ukanijibu hapohapo: "Mwambie atie majivu. Mama alikuwa anatia majivu kila kitu." Nikachota mekoni, nikatia kopo kwa kopo. Baada ya wiki mbili zilibaki tisa.

Siku hizohizo Naila akapata homa. Nilikuwa nimetoa makopo matano nje nifagie kibaraza, nikayasahau chini ya mchirizi wa bati. Mvua za masika zikayapiga siku nne. Nilipokuja kuyakumbuka, yale matano yalikuwa yametoa majani mapya, kijani kweli. Manne niliyokuwa nayamwagilia kwa maji ya kisima, kwa uangalifu wote, yakafa moja baada ya jingine. Nilikaa kibarazani nikalia, shangazi, mtoto mgongoni.

Bibi shamba wetu, anaitwa Kabula, dada mmoja Msukuma asiyejua kuzungusha maneno, alikuja na vikaratasi vya kupimia maji. Akachovya kimoja kwenye maji ya mvua, kingine kwenye maji ya kisima, cha tatu kwenye maji niliyolowekea majivu. Cha mvua kikawa njano ya kijani, cha kisima kikawa buluu, cha majivu kikawa buluu iliyokolea kama wino. Ndiyo wanayoiita pH: namba ikishuka maji ni machachu, ikipanda yana magadi. Mimea ya kwenye makumbi inataka kama sita hivi. Kisima chetu kinapita nane.

"Ona birika lako lile lina ukoko mweupe," akaniambia. "Maji haya kunywa mnaweza. Ila mmea wako chakula unacho mbele yake, na mdomo umefungwa. Halafu wewe ukaja na majivu, ukaufunga na kamba ya pili!"

Sasa kila asubuhi nakamulia ndimu kwenye ndoo, kidogo kidogo, nakoroga, nachovya karatasi, mpaka rangi ifike pale Kabula aliponionyesha. Sikisii. Na maji hayo siyalazi. Niliwahi kutengeneza ya siku tatu ili nipumzike, kesho yake nikapima, rangi imeanza kurudi kulekule. Sadick analalamika kwamba ndimu zinakwenda kwa ngogwe na yeye anakula samaki mkavu mkavu. Namwambia ajifunze kuota majani.

Shangazi, najua utasema bibi alitia majivu miaka yote na akavuna. Ni kweli, sibishi. Lakini yeye alilima udongo wa Chole, nao una uchachu wake, majivu yaliufaa. Udongo pia unavumilia mengi. Makumbi hayavumilii, na maji ya huku yana magadi tayari. Nasikia mke wa Khalfani naye anapanda mchicha kwenye makumbi. Tafadhali usimwambie atie majivu mpaka apime maji yake kwanza. Nakuomba kwa adabu zote, na hapa sirudi nyuma.

Kosa si lako. Ningekuambia ni ngogwe za mama yako na ziko kwenye makopo, ungeniuliza zaidi ya ulivyouliza. Mimi ndiye niliyemficha mtu wa pekee anayezijua.

Yale matano yamezaa. Nyeupe, ndogo, na ule uchungu wake uleule. Nimekula moja tu, nikawakumbuka wote. Nyingine nimeziacha mtini mpaka zikawa nyekundu kabisa, nikatoa mbegu, nikaanika kivulini. Nimezigawa mafungu mawili. Moja liko kwangu. La pili ndilo hilo kwenye bahasha, Bernard fundi seremala anakuletea akija kwao huko Alhamisi. Zisiwe tena mahali pamoja. Mmoja wetu akikosea, mwenzake awe nazo.

Zako nimeziviringisha kwenye majivu, kama bibi. Hapo majivu yana kazi yake. Zipande kwenye udongo wako, kisha nipigie uniulize tena zimefika wapi.

Nisalimie Khalfani na mkewe, na mama mdogo Tatu ukimwona. Sadick anakupa shikamoo, Naila anakupa meno yake mawili. Mungu akupe nguvu ya goti na akuweke mpaka tuzile pamoja.

Ni mimi mwanao nikupendaye, nisiyekuficha tena,

Zawadi, mama Naila.