Susu Ukurasa Mzima Jaridani

Susu, nyanya yangu na mke wangu usiyezeeka,

Nairobi hii hakuna kijana anayejulikana kunishinda. Nikipita Majengo hata mbuzi wananipisha njia.

Ile picha yako ukipiga ngoma ya kilumi nimeipeleka mwenyewe kwa lile jarida la muziki wa asili unalosomewa kila Jumapili. Ofisi yao iko juu ya duka la magodoro. Pale nje nilikuwa nimekula mutura yenye pilipili ya kuua, kwa hivyo niliingia machozi yakinitiririka, kofia mkononi, picha yako kifuani. Mhariri, mama mmoja wa Kitui, aliiangalia picha, akaniangalia mimi, kisha akanikumbatia.

"Wewe ndiye mjukuu wake?"

"Yule anayependwa kuliko wote," nikamjibu huku napenga kamasi.

Nikaletewa chai na mandazi moto, ofisi nzima ikasimama kimya. Nikajua tu, hawa habari zangu wamezisikia.

Jarida limetoka. Umependeza, Susu! Ukurasa mzima ni wako, ngoma katikati ya magoti. Sasa umekuwa staa, usije ukajifanya hunijui. Kunywa uji, usilime juani, na umsalimie yule ng'ombe wako mkorofi.

Kitu kimoja tu kimeharibika. Wamekuweka kwenye ukurasa wa waliofariki, na Jumamosi akina mama wanaocheza kilumi huku wanakuja huko kijijini na basi kukuzika. Tafadhali wakibisha, wewe ndiye uwafungulie mlango.

Mumeo wa mjini,
Mutinda