Watoto wa Tarehe Mosi Januari

Arusha, 8 Januari 1912

Kwa dada yangu Magdalena,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji, mama na mpwa wangu Lydia. Mimi sijambo, ila usingizi siupati.

Nina habari mbaya, na ni afadhali uisikie kwangu. Lydia hayumo katika orodha ya shule mpya ya bweni. Mtoto aliyetimiza miaka tisa kabla ya tarehe mosi Machi hapokelewi, anahesabiwa kuwa mkubwa mno. Na kwa daftari letu la vizazi hapa ofisini, Lydia ametimiza tisa wiki iliyopita.

Utauliza nani aliandika hivyo. Niliandika mimi. Bwana, yule Mjerumani mkuu wa ofisi yetu, aliamuru kwamba mtoto anayejulikana mwaka tu, bila karatasi ya siku, aandikwe tarehe mosi Januari ya mwaka huo. Nilijua Lydia ni mtoto wa mvua za vuli za 1903. Lakini Bwana alikuwa amesimama nyuma yangu, nami nikaandika nilivyoambiwa. Kugusa daftari sasa bila ruhusa yake ni viboko.

Nisamehe. Labda umfundishe mwenyewe nyumbani.

Mdogo wako,
Elisaria

Nkoaranga, 12 Januari 1912

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Ng'ombe amezaa, na mama anakohoa kidogo lakini kugomba anagomba kama zamani, basi usiwe na wasiwasi.

Nilimsomea barua yako. Akauliza, "Huyo Bwana alikuwepo nilipomkata mtoto kitovu?" Nikamwambia hakuwepo. "Sasa anaandikaje?" Hilo nakuachia wewe, karani.

Elisaria, Lydia alizaliwa mwanzo wa Novemba. Nilikaa ndani miezi mitatu kama kila mzazi hapa mlimani, nikilishwa mtori wa ndizi mpaka nikauchukia. Siku niliyotolewa kwenda sokoni, nimepakwa mafuta, wanawake wakiniimbia, tulikutana mimi na wewe njia ya mtoni. Ulikuwa umeshika kibao chako cha kuandikia na unalia, maana ndiyo ilikuwa siku yako ya kwanza shuleni. Nilikucheka sana. Siku hiyo imeandikwa katika cheti chako cha shule. Toa miezi mitatu, utampata Lydia.

Halafu nasikia mnajiandaa kwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari wa Wajerumani, tarehe 27. Mbona yeye hakuandikwa Januari mosi? Mama yake alisema siku, watu wakamwamini. Mimi pia nimesema.

Weka cheti chako mezani kwa Bwana.

Dada yako,
Magdalena

Arusha, 16 Januari 1912

Dada yangu,

Shikamoo. Pole kwa kikohozi cha mama. Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaichoma. Nakusihi, usiandike tena habari za Kaisari. Simel, askari wa mlangoni, anajua kusoma kidogo, na hicho kidogo kinatosha kunimaliza.

Cheti nimekitazama: tarehe mosi Februari 1904. Hesabu yako ni sawa. Lakini nitasemaje? "Bwana, daftari lako lina kosa"? Karani aliyenitangulia alisema maneno ya namna hiyo, ndiyo maana meza hii sasa ni yangu.

Tena Lydia hayuko peke yake. Nimehesabu watoto kumi na tisa wa huko mlimani, wote wa siku hiyo moja. Ukisoma ukurasa ule utadhani wanawake wote walijifungua asubuhi moja. Nikimtoa mpwa wangu tu, nitaitwa mpendeleaji na mwongo.

Tuache, dada.

Mdogo wako,
Elisaria

Nkoaranga, 20 Januari 1912

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, na hatuachi.

Unaogopa kuitwa mpendeleaji kwa kumtoa mmoja. Vizuri, watoe wote. Nimewaita mama zao kumi na wanane, tumekaa uani kwangu siku mbili. Kila mmoja alisema alitolewa nje lini na shambani kulikuwa na nini, wenzake wakamsahihisha, kwa sababu mzazi anayetoka huonwa na soko zima. Nkasiogi alisema wake ni wa Agosti. Mama Efraimu akamrukia:

"Agosti ipi? Ulitoka masika yanaanza, ukateleza kwenye tope na mafuta yako yote! Mwanao ni wa Januari kabisa."

"Nilikuwa najaribu tu," Nkasiogi akasema, tukacheka mpaka mama akatufukuza.

Basi watatu ni wakubwa kweli, tumewaondoa. Wamebaki kumi na sita, Lydia akiwamo. Orodha yenye miezi yao nimeiweka ndani ya barua hii.

Jumatatu ya tarehe 29 tunashuka. Tutakaa mbele ya ofisi yenu. Ukiona aibu, jifanye hutujui.

Dada yako,
Magdalena

Arusha, 30 Januari 1912

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mmefika salama, na miguu ya mama haikuvimba. Mlikaa juani tangu asubuhi, lakini yaliyosemwa ndani hamkuyasikia.

Bwana alichungulia dirishani. "Hawa wanataka nini?" Nikamweleza. Akauliza, "Wana karatasi?" Nikatoa cheti changu, nikaeleza tulivyokutana njia ya mtoni siku hiyo. Kikaniponyoka, akakiokota mwenyewe. Alisoma, akahesabu kwa vidole, kisha akasema, "Huyu mmoja mbadilishe. Wengine hawana karatasi. Waambie waende zao."

Ndipo nikatoka kuwaambia mwondoke. Wewe hukunitazama.

Lakini Lydia amepata, dada! Bwana anaondoka Alhamisi kwenda safari ya mwezi mzima, na orodha inapelekwa shuleni Jumamosi. Naomba jambo hili liishie hapo.

Mdogo wako,
Elisaria

Nkoaranga, 1 Februari 1912

Elisaria,

Tu wazima.

Lydia aliniuliza kama Elirehema na wenzake wa ile orodha watakwenda naye. Nikamwambia hapana. Akasema basi na yeye haendi. Nikamfokea anyamaze, atakwenda. Baadaye niliona haya, kwa sababu wanawake wale walinisindikiza kwa miguu yao mpaka Arusha, na nimerudi na mtoto wangu tu.

Orodha yao unayo. Sina la kuongeza.

Magdalena

Arusha, 9 Machi 1912

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima, na mama pia. Unisamehe kwa kukaa kimya mwezi mzima. Naandika nimesimama, maana kukaa bado siwezi.

Jumamosi ile, kabla orodha haijaondoka, nilifungua daftari. Kanuni yetu inasema kila sahihisho liandikwe kwa wino mwekundu, na aliyesahihisha aweke jina lake pembeni. Lydia alikuwa tayari. Niliandika wale kumi na watano, na kila mmoja nikaweka jina langu lote. Watatu wa kwanza niliwaandika nikiangalia mlango kila mara. Kuanzia wa nne sikuuangalia tena, sijui kwa nini.

Bwana alirudi tarehe 2 Machi, shule ikiwa imefunguliwa jana yake. Akauweka ukurasa mbele yangu.

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna, Bwana."

"Ulijua kwamba ni kosa?"

"Kosa ni lile la kwanza, Bwana. Hilo nalo niliandika mimi, lakini sikupigwa."

Nilipigwa ishirini na tano, na kazi sina tena. Simel ndiye aliyenishika mkono kunitoa nje, akaninong'oneza kwamba mwanawe naye ameandikwa Januari mosi.

Watoto hawakutolewa shuleni. Kuwatoa kungempasa Bwana amwandikie mkuu wake kwamba daftari lake lilikuwa na makosa, na hakuandika. Jana nilipita karibu na shule. Lydia alikuwa mstarini na Elirehema, wanasukumana.

Siku niliyokabidhi meza nilitafuta jina langu katika daftari la makarani. Elisaria, amezaliwa tarehe mosi Januari 1894. Dada, muulize mama.

Mdogo wako,
Elisaria

Nkoaranga, 13 Machi 1912

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, marahaba sana. Pole. Shemeji yako anashuka kesho na punda, lakini ukiona huwezi kupanda, tembeeni polepole. Mama Efraimu ameleta mafuta ya kondoo ya kukupaka, na Nkasiogi ameleta ndizi, yeye ambaye mwanawe hata hakuingia.

Mama nimemuuliza. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Huyo? Alilia siku zote za ndani, hata siku ya kutoka niliona kama nafunguliwa jela. Ilikuwa baridi kali, tunavuna maharage, mwezi wa saba umeanza tu."

Toa miezi mitatu mwenyewe, karani, kisha uje nyumbani. Jogoo wa kukuchinjia tumeshamfunga.

Dada yako,
Magdalena