Maneno ya Mwisho ya Doña Marta

Hagsätra, Stockholm

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Naomba karatasi hii ikukute goti limetulia, na mvua za huko Mbinga zimeiacha kahawa ichanue. Mimi na mjukuu wako Neema tu wazima wa mwili. Baridi imeshaingia; saa tisa alasiri giza linatanda, na watu wanatembea wameinama kama waliodondosha kitu. Barua anakuletea Mama Faraja, mwenzetu wa kanisani anayekuja kuwaona nduguze Songea. Nimeona niandike, maana haya nikiyasema kwenye simu nitalia.

Unajua niliacha kusafisha ofisi kule Kista, sasa nahudumia wazee kwenye nyumba wanamotunzwa, karibu na ninapoishi. Pale nilikuwa na mama mmoja, Doña Marta. Hiyo "Doña" kwao ni heshima, kama sisi tunavyosema Bibi Fulani. Alitoka El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati. Vita vilipowaka kwao alikimbia, akafika huku na kitoto kichanga kifuani. Kitoto hicho ndicho Silvia, ambaye leo ni mwalimu. Wasalvador wana ukumbi wao Rågsved, kituo kimoja tu cha treni kutoka hapa. Kila Jumamosi wanawake hukanda unga wa mahindi, wakatengeneza pupusa, yaani mikate ya duara yenye maharage na jibini ndani, inayoliwa na kabichi ya siki. Doña Marta alilitawala jiko lile miaka na miaka.

Kisha ukaja ugonjwa wa kusahau, nao ulianza kula Kiswidi. Mtu aliyepika shuleni miaka thelathini, akiwafokea watoto kwa Kiswidi, kikamtoka chote. Kikabaki Kihispania. Na Silvia hajui Kihispania, Mama. Aliniambia siku moja tukitandika kitanda:

"Mama hakutaka nichekwe shuleni. Nyumbani alinisemesha Kiswidi, hata kibovu. Kihispania chake alikwenda kukizungumza ukumbini. Mimi najua salamu na majina ya vyakula, basi."

Alikuja kila siku baada ya kazi, akakaa ameushika mkono wa mama yake, wawili wasioelewana.

Kulikuwa na jambo lililowahangaisha wauguzi. Doña Marta alikuwa akidonoadonoa blanketi kwa vidole, haraka haraka, mikono yote miwili. Walidhani ni maumivu. Mimi nilipomtazama nilishtuka, maana nilikuona wewe shambani. Nikawaambia, "Huyu anachuma kahawa." Nikakaa kando yake, nikainamisha tawi la hewani, nikachuma naye. Alicheka, Mama! Silvia aliyekuwa mlangoni akauliza, "Kwani mama alichuma kahawa?" Hakuwahi kuambiwa.

Alhamisi moja mchana Doña Marta akaamka na akili zake zote usoni. Akamshika Silvia mabega yote mawili, akaanza kusema. Alisema taratibu, kwa mpangilio, akionyesha kwa kidole huku na kule kama anayemwelekeza mtu njia. Silvia akanigeukia, "Anasema nini?" Mimi ningejua nini? Nikampigia Don Chepe, mzee mwenyekiti wa ukumbi wao, simu haikupokelewa. Silvia alikuwa anaitikia tu, "Sí, mamá. Sí, mamá," machozi yanamtiririka. Alipokumbuka kutoa simu yake arekodi, mama yake alikuwa amefika mwishoni. Akamaliza, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akalala. Hakusema tena. Jumanne akafariki.

Wale wa ukumbini walifanya matanga, siku tisa za sala. Walipanga maua ya karatasi, picha yake, na glasi ya maji mezani. Nilikwenda siku ya kwanza baada ya zamu. Silvia akampa Don Chepe simu asikilize. Mzee akasikiliza mara mbili, akavua miwani.

"Anasema: 'Hapo ndipo nilipomlaza kaka yako, kwa mikono yangu mwenyewe. Usimwache peke yake.'"

"Kaka gani?" Silvia akauliza. "Hapo wapi?"

Don Chepe akatikisa kichwa. "Hapo alipasema kabla hujaanza kurekodi, binti yangu. Humu hamna."

Mimi nilikuwepo, Mama. Masikio yangu yalisikia jina la mahali hapo, yakashindwa kulishika.

Siku zote tisa Silvia alizunguka kwa kila mzee wa pale akiuliza mama yake alitoka kijiji gani. Mmoja alisema milimani, mwingine alisema ng'ambo ya mto. Wengine walisema Marta hakuwahi kuzungumzia vita, alizungumzia chumvi kwenye unga. Siku ya tisa wakazima mishumaa, wakaondoa maua. Hakuna aliyejua.

Sasa nataka kuungama. Zile Jumapili unapopiga simu nikakwambia Neema amelala, huwa hajalala. Yuko pale pale. Nikimwita ananijibu kwa Kiswidi, "Sitaelewa, mama, nitaona aibu." Nami nikaona afadhali nikudanganye wewe kuliko kumlazimisha yeye. Nisamehe. Jumapili hii nitampa simu. Hataelewa, lakini wewe zungumza tu, nami nitakaa pembeni nimweleze. Na kama kuna jambo umeniwekea mpaka nitakaporudi, Mama, usiniwekee. Niambie sasa.

Nisalimie mjomba fundi cherehani, na shangazi anayekuchotea maji. Mwambie wifi yangu, mke wa kaka, kitambaa chake nimekiona na amekishona vizuri. Wajukuu wengine wote wape mkono.

Nimemwomba Neema aongeze hapa neno lolote la Kiswahili analolijua, akuandikie mwenyewe. Alikaa na kalamu muda mrefu hadi chai yake ikapoa. Ameandika moja, nami sijamrekebisha wala kumwongezea.

Mwanao,
Anastazia

POLE