Yaya, Lori Lako Liko Huku

Wamaza

Yaya Ramazani, kaka yangu mpendwa,

Nakuamkia kama mdogo anavyomwamkia mkubwa wake. Goti la Mama linaendeleaje? Na wifi, amejifungua salama? Huku tu wazima, mihogo imekubali, na mume wangu ameinuka baada ya malaria. Miaka minne sijafika Kasongo, na hamu ya kuwaona inaniuma kweli. Lakini leo nina hasira na wewe, wala siifichi.

Dereva wako alifika juzi na mashini ya kukata chuma. Alivusha lori darajani mpaka kwangu ili anisalimie, akala bugali na sombe ya majani ya mihogo yetu, ndipo akaniambia ulichomtuma.

"Dada, patroni anasema ile daraja ya Wabelgiji iko chuma ya bure, haina mwenyewe. Kesho tunaanza kukata."

Halina mwenyewe? Babu wa mume wangu alibeba vyuma vile begani, na kovu lake alizikwa nalo. Vita vilipokuja, mbao zote za kukanyagia zilichomwa, chuma kikabaki kitupu juu ya mto. Tangu hapo kila nyumba ina ubao wake pale. Ukioza, wenyewe wanaleta mwingine, hakuna anayengoja serikali. Wa kwetu ni wa tano kutoka upande huu. Niliubeba kichwani nikiwa na mimba. Wajawazito hupita hapo kwenda hospitali, na mimi ndipo nitakapopita kuja kumwona Mama. Ukilikata, umenikata na mimi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua nguo yenyewe ni wewe.

Basi alfajiri wanawake tulikwenda darajani. Kila mmoja alifungua waya, akainua ubao wake, akarudi nao nyumbani. Chefu wa kijiji akaja kuuliza nani ametutuma.

Nikamwambia, "Ni mimi, Chefu. Mwenye lori iko kaka yangu. Akuje mwenyewe aniulize."

Chefu alinitazama, kisha akaenda kufungua ubao wa nyumba yake.

Sasa tunavuka juu ya chuma kitupu, tumeshikilia pembeni, na wagonjwa tunawabeba mgongoni. Ni taabu, sikudanganyi. Tutaivumilia.

Msalimie Mama, na umsomee barua hii yote bila kuruka mahali. Msalimie shangazi yetu muuza samaki, na mdogo wetu wa mwisho, umwambie asome kwa bidii.

Barua anakuletea dereva wako. Amevuka kwa miguu, na lori limebaki uani kwangu na mashini ndani, maana bila mbao halivuki. Ukilitaka, njoo mwenyewe, pita alipopita yeye, useme mbele ya Chefu kwamba daraja hutaligusa. Nitakuchinjia kuku. Wengine wote watarudisha mbao zao siku hiyo, na mimi nitakuwa wa mwisho.

Mdogo wako, uliyemfundisha mwenyewe kutoogopa mtu,

Mwamini