Roda Juu ya Kitanda cha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe kanitukana tena asubuhi nikimgeuza. Eti namshika kama gunia. Gunia lina adabu, halina mdomo! Tangu avunjike nyonga namwinua mimi peke yangu. Mume wangu yuko kazini mbali, hana habari. Muuguzi kapita leo: mgongo umeanza kuwa mwekundu. Lazima atolewe kitandani, akalishwe kitini asubuhi na jioni, la sivyo atapata kidonda. Wifi alikuwepo. Akasema hicho kidonda kikitokea, yeye anahamia hapa kumuuguza mama yake. Namjua. Sanduku lake likiingia, langu linatoka.

Jumanne, 5 Machi
Kiuno changu! Darasani nafundisha wenzo: mzigo ukiwa mbali na egemeo, jitihada inakuwa kubwa. Nyumbani egemeo ni kiuno changu na mzigo ni mama mkwe, tena anajilegeza makusudi. Basi. Kuna boriti nene juu ya kitanda chake. Nafunga roda, gurudumu la kupitishia kamba.

Jumatano, 6 Machi
Nimenunua roda, kamba, na turubai la yeye kukalia. Seremala kafunga ndoano kwenye boriti, akaning'inia mwenyewe kuijaribu. Jioni nikavuta. Mama hakunyanyuka hata kidogo. Nikavuta tena — miguu yangu ndiyo ikataka kuondoka sakafuni! Akacheka mpaka akakohoa. Mwalimu mzima wa fizikia! Aibu iliyoje. Roda moja iliyofungwa juu haipunguzi mzigo, inageuza tu upande wa kuvuta. Naliandika hilo ubaoni kila mwaka. Hasira zilinitangulia dukani.

Alhamisi, 7 Machi
Roda ya pili. Hii nimeifunga kwenye turubai, ipande naye. Sasa kamba mbili zinambeba na mimi navuta nusu ya uzito. Cha bure hakuna — nguvu niliyookoa nailipa kwa urefu wa kamba. Nikavuta, nikavuta. Akapanda! Nikamkalisha kitini. Asante? Thubutu. Kasema nimemtundika kama nyama buchani. Nikamjibu buchani ulimi huuzwa peke yake. Tumenuniana mpaka kulala. Sijutii.

Jumamosi, 9 Machi
Makubwa. Kabla sijashika kamba, kaidaka yeye. Eti mkono wangu hautaki tena mwilini mwake. Haya, jivute tuone! Nikakunja mikono. Kumbe ile mikono imekanda unga wa mikate ya kuuza miaka nenda rudi, na kweli — akapanda. Nikalivuta turubai pembeni ya kitanda, nikasogeza kiti chini yake, kisha nikakaa nikapiga hesabu. Mtu akijivuta mwenyewe, hata kipande cha kamba alichoshika kinambeba. Kamba tatu, si mbili! Anavuta theluthi tu. Sijawahi kulifundisha hilo.
Wekundu wa mgongo umepungua. Nilifurahi, nikaficha. Naye midomo ilimcheza, akageukia ukutani.

Jumapili, 10 Machi
Wifi kaja. Na sanduku!
Mama alikuwa juu, kamba kaizungushia kichwa cha kitanda, anatazama barabara kupitia dirishani. Hajaiona tangu aanguke. Wifi akapiga yowe kwamba namnyonga mama yake, akampigia kaka yake palepale. Mume wangu akaomba kuongea na mama. Mama akaikataa simu, eti mikono ina kazi. Wifi akaikamata kamba ili amshushe — mama akamchapa kofi mkononi! Kisha tukafukuzwa chumbani sote wawili.
Nikamwambia wifi angalau akauangalie mgongo unavyopona. Kasema hakuja kukagua migongo, kaja kukaa.
Sasa mimi niko jikoni naandika, yeye yuko sebuleni kakalia sanduku. Kule ndani roda inalia. Anapanda, anashuka. Anapanda.
Imenyamaza.
Anaita! "We mwalimu! Kamba imekwama!"
Wifi kaitikia yeye. Mama kamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: "Nimemwita mwalimu!"
Naenda — lakini wifi keshasimama mlangoni pa mama, kaliweka sanduku katikati, hanipishi. Kasema mwenye nguvu alisogeze. Sanduku zito hilo, kalijaza maisha yake yote.
Ufagio uko hapa nyuma ya mlango. Mpini wake ni mrefu, na kizingiti kitakuwa egemeo —