Mnara wa Paka kwa Mng'oa Meno

Jumatatu, 6 Oktoba

Turid amepiga simu. Tumeachana miaka minne sasa, na jina lake lilishatokea kwenye simu yangu mara moja tu, siku aliyofariki dada yake. Nikajua kuna msiba mwingine. Hakuna msiba. Mnara wa paka wao, ule wa kupandia na kukwaruzia kucha, umeanguka!

Aliyeutengeneza ni mumewe mpya, Eilert, daktari wa meno. Mimi humwita Mng'oa Meno — humu daftarini na kichwani mwangu tu. Mbele za watu namwita Eilert, kama mtu mwenye adabu zake. Kaujenga kwa mikono yake mwenyewe, mita mbili kwenda juu, wiki mbili za kazi. Paka Gaupe kaurukia mara moja tu. Wakalala chini, yeye na mnara na taa ya kusomea na kioo cha kabati. Sasa paka anachechemea. Daktari wa wanyama anasema hakuna mfupa uliovunjika.

Nilicheka. Sikujificha. Turid akangoja nimalize — huyo kungoja anajua — halafu akasema: "Ukishamaliza, njoo ututengenezee unaosimama."

Nikamwambia nitafikiria. Nimefikiria muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Nitakwenda. Si kwa ajili yake. Ni kwa ajili ya Gaupe. Na pia nataka kuyaona magofu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeyaona. Mungu wangu!

Kitako cha mnara: sentimita arobaini kwa arobaini. Sahani ya kuwekea keki! Juu yake mirija ya karatasi ngumu, ile ya dukani inayozungushiwa mazulia. Vibaraza vya mbao za unga wa maranda uliogandishwa, zinazovimba zikisikia tu neno maji. Vyote vimeshikanishwa kwa gundi. Gundi! Juu ya vibaraza kabana zulia kwa pini za stepla, mia tatu hazipungui, na nusu yake zimeshang'olewa kwa kucha. Nikamuuliza Mng'oa Meno kama anajua pini ya stepla inafanya nini kwenye utumbo wa paka. Na huyu ndiye aliyesomea udaktari.

"Nilifuata video," akasema.

Nikamwambia yule paka wa kwenye video ana kilo tatu na analala kutwa. Hawa ni jamii ya paka wa msituni, wakubwa kwa asili. Gaupe ana kilo nane na nusu, ndugu yake Mikkel ana saba, na hawa hawapandi kitu, wanakivamia. Kilo nane zikitoka mbio kwenye kochi, zinapotua si nane tena. Mng'oa Meno akaitikia kwa kichwa, akatoa simu, akaandika. Aliandika!

Halafu Gaupe akaja, anachechemea. Akapanda gotini, akapanda begani, akaninusa sikio kama zamani. Paka huyu nilimnywesha maziwa kwa chupa. Nilipohama sikuweza kumchukua, nyumba niliyopanga walikataza wanyama.

"Anakukumbuka!" akasema Mng'oa Meno, uso umemng'aa. Hata wivu hana. Mwanamume wa namna gani huyu?

Nimepima. Mnara nitaufunga kwenye ukuta wa sebuleni, ule niliojenga mwenyewe mwaka 1998. Turid akauliza kama ukuta utahimili. Nilimtazama tu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Karakana. Mvua inapiga bati. Siku njema.

Magogo mawili ya msonobari, unene wa paja, yamekauka miaka miwili chini ya paa. Kitako nimefanya plaiwudi mbili nene zilizolala moja juu ya nyingine, sentimita tisini kwa themanini. Bolti zinapanda kutoka chini hadi ndani ya gogo. Vibaraza vitano, kila kimoja kinamtosha paka mkubwa kujinyoosha bila kuning'iniza matako. Nimevipanga kama ngazi, hatua fupi fupi, kwa sababu kupanda si tatizo kwa paka mzito. Kinachomuumiza ni kuruka chini. Pembe zote nimezipiga randa, kisha msasa, mpaka zikawa laini kama sabuni iliyotumika. Rangi hapana. Wanalamba kila kitu.

Nimepanda mwenyewe hadi kibaraza cha tatu. Kilo tisini na mbili na viatu vya kazi. Hakikulia hata kidogo.

Vitu hutengenezwa hivi. Video! Ptuu!

Jumapili, 12 Oktoba

Mng'oa Meno amekuja! Hakuna aliyemwalika. Mkononi mfuko wa mikate ya iliki, bado ya moto, kaioka mwenyewe. Miguuni viatu vyeupe. Vyeupe, ndani ya karakana!

"Fundi, nipe kazi yoyote. Nataka kujifunza."

Nikampa kamba. Katani, mita themanini, karatasi yake inasema imetoka Tanzania. Ngumu, inakata vidole. Kuizungushia gogo ni kazi ya kumuumbua mtu: ukilegeza mzunguko mmoja, baada ya mwezi yote inashuka kama soksi iliyochoka. Nikajua baada ya dakika kumi atakuwa ananyonya vidole na kutafuta ufunguo wa gari.

Saa nne nzima! Hakuinua kichwa. Anavuta, anagonga kwa nyundo ya mpira, anavuta. Nilipojaribu kupitisha ukucha katikati ya mizunguko, haukuingia. Bila shaka ni kwa sababu amezoea vitu vidogo. Nyani aliyefundishwa angeweza pia.

Akaniuliza kama zamani Turid alikuwa mtu wa kucheka sana. Swali gani hilo la kumuuliza mtu? Nikamwambia anipe nyundo.

Mikate ilikuwa mitamu. Nilikula minne alipokuwa amenipa mgongo.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku ya aibu. Naiandika haraka nimalizane nayo.

Tumeupeleka mnara, tumeusimamisha pale pake. Turid akapapasa gogo kwa kiganja. "Arnfinn, huu ni mzuri." Nikahisi nimerefuka. Na mtu akirefuka huropoka. Nikatangaza, kwa sauti ya kusikika hata kwa majirani: "Ndani ya ukuta huu kuna nguzo za mbao kila sentimita sitini. Nilizipigilia mimi."

Nikatoboa. Drili ikapenya bodi ya jipsam, ikazama kwenye utupu. Nikasogea sentimita mbili. Utupu. Nikahamia upande wa pili. Utupu! Matundu saba. Vumbi jeupe limenijaa ndevuni, Mikkel anauchezea waya wa drili, na Turid kwenye kochi anahesabu matundu.

Mng'oa Meno akaomba ruhusa. Ruhusa, kwenye nyumba anayolala! Akachukua bisibisi, akaanza kugonga ukuta kwa mpini, taratibu, sikio karibu, nadhani ndivyo anavyogonga magego ya watu. Ko, ko, ko. Akasimama. "Hapa ipo moja." Akaendelea kugonga. Akaenda mbali. Akaenda mbali mno. "Na hapa ipo nyingine." Akaitazama nafasi iliyobaki katikati, akanitazama mimi, akaweka bisibisi chini.

Nikasema mbao zikikauka husogea ndani ya ukuta. Nguzo zilizopigiliwa misumari, zinasogea! Nimesema hayo mbele ya watu wazima, na jua linawaka. Kisha nikasema kuna kifaa nimesahau nyumbani, nikaondoka.

Ukweli wenyewe ndio huu. Oktoba ile ya 1998, elgi, wale kulungu wakubwa wa huku, walikuwa wanavuka bonde, wenzangu wameshasafisha bunduki wananisubiri mimi, na mbao zilikuwa zimepungua. Kwenda kuleta nyingine ningepoteza siku nzima ya kuwinda. Basi nikaweka nguzo moja, nikaruka moja. Nikaweka, nikaruka. Nani angeona? Bodi ikafunika.

Mwaka 2002 Turid akatundika rafu kwenye ukuta huo, akapanga vyombo vya kauri alivyoachiwa na mama yake. Vikombe vya bluu, sahani, birika. Baada ya wiki moja rafu ikang'oka na vyote. Hakikupona hata kisosi. Tulikuwa na wageni mezani. Nilisema nini? Nilisema mwanamke asiyejua kushika bisibisi asiguse ukuta wangu. Wageni wakacheka. Turid akaleta ufagio.

Hakutundika tena kitu katika nyumba ile. Hata picha. Miaka kumi na tisa nimeishi naye katikati ya kuta tupu, nikiwaambia watu kwamba mke wangu hapendi mapambo.

Mpumbavu mkubwa. Na leo simsemi Mng'oa Meno.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siku mbili sijala kitu cha maana, mkate na jibini ya kahawia tu, nimesimama. Leo nikampigia simu Mng'oa Meno huko kliniki kwake. Nyuma yake mashine inalia, mtu anaguna. Nikamwambia: Jumamosi Turid ana mazoezi ya kwaya mpaka saa nane mchana. Tunafungua ukuta, tunatia nguzo zinazokosekana, tunafunga, tunapaka rangi. Akirudi anakuta mnara umesimama na paka wamekaa juu. Kwisha.

Mashine ikanyamaza.

"Mbao nitakushikia, fundi. Lakini akiniuliza, simdanganyi."

"Hatauliza."

"Akiuliza."

Mtu mzima, ana mvi, hawezi kubeba uongo mdogo wa saa tatu! Nimemkatia simu. Kisha nimempigia tena kumwambia avae viatu vya maana.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika nikiwa ndani ya gari la kazi, mbele ya nyumba yao. Nimewaambia nakuja kuchukua skrubu. Skrubu zimo mfukoni mwangu.

Asubuhi mambo yalikwenda. Mng'oa Meno alivaa mabuti, mapya kabisa, bado yana karatasi ya dukani kwenye soli. Tukauinamisha mnara juu ya vipande viwili vya mbao ili tupate nafasi ya kufanyia kazi. Nikakata bodi, nikaitoa kipande kimoja kikubwa kama mlango. Nikavuta nje ile sufi ya kuzuia baridi, imekuwa ya kijivu.

Nilikuwa nimesahau penseli.

Kwenye ubao wa chini, alama zangu zote zipo, nyeusi kama za jana. Msalaba kila sentimita sitini, nilipima vizuri sana. Msalaba, nguzo. Msalaba, hewa. Msalaba, nguzo. Msalaba, hewa. Mtu aliyekosea kupima haachi alama kama hizo. Hizo huachwa na mtu aliyejua.

Mng'oa Meno akainama, akapuliza vumbi, akazitazama. Nikangoja aseme kitu nimtukane. Akaniletea ubao mpya na pima maji.

Tulikuwa tumeshatia nguzo moja na tunaipima ya pili, Gaupe akachoka kusubiri. Hakuomba ushauri. Kochi, kibaraza cha pili, kileleni! Mnara ukateleza kwenye zile mbao. Mng'oa Meno akaudaka kwa mikono miwili, akaukumbatia kama mlevi na nguzo ya taa. "Mshushe!" nikapiga kelele. "Hataki!" akajibu. Na kweli paka alikuwa ameshajikunja, anajilamba.

Hapo ndipo mlango ukafunguka. Saa tano na nusu! Mwalimu wa kwaya sauti imemkauka, kawaruhusu mapema.

Turid hakuvua koti. Alitazama shimo. Alitazama sufi sakafuni, akanitazama mimi nimepiga magoti na penseli sikioni. Kisha akauliza: "Mmekuta nini humo?"

Alimuuliza mumewe. Si mimi.

Naye, na mnara wote kifuani, akanigeukia. Alikuwa ananiachia nafasi! Nilihesabu: moja, mbili, tatu. Muda wa kutosha kabisa kusema maneno manne: rafu ilikuwa kosa langu. Nikasema: "Nakwenda kuchukua skrubu."

Sasa nipo hapa. Madirisha yao hayana mapazia, naona kila kitu. Kioo cha gari kinafanya ukungu, nakifuta kwa mkono wa koti. Turid amepiga magoti pale nilipokuwa. Ametoa tepu kwenye sanduku langu la vifaa, anapima. Anapima vizuri, anakaza tepu, anasoma mbele ya jicho. Nani alimfundisha? Midomo yake imesema namba. Amepima mara ya pili. Ameweka kidole kwenye msalaba, akakisogeza mpaka kwenye msalaba unaofuata. Kidole kimekaa hapo.

Amekaa sakafuni na koti lake, mgongo kwenye ukuta, tepu bado iko wazi mapajani. Halii. Hatazami huku. Eilert anamwambia kitu, kifupi, naye anatikisa kichwa.

Gaupe hajashuka. Eilert bado ameukumbatia mnara, namwona mpaka hapa. Hawezi kuuachia mpaka niingie.