Baba Amepokea Miraa Muthara

Makandi weh! Nimesimamisha gari kando ya barabara nikuandikie.

Si nilikuambia nampeleka Baba aone miji ya kwenu, zile ghorofa zilizojengwa na pesa za miraa?

Tukashuka Muthara apige picha. Mzee mmoja akamuuliza, "Huyu msichana wako ameolewa?"

Baba: "Bado, na nimechoka kungoja!"

Mzee akaleta miraa imefungwa vizuri kwa majani ya ndizi. Baba AKAPOKEA. Kwa mikono miwili! Watu wakapiga makofi.

Mama mmoja wa duka ndiye aliyenieleza. Ati kwenu baba akipokea hiyo, amekubali posa.

Posa, Makandi! Sisi wa Siakago tungejuaje?

Nimemwambia Baba turudishe. Ameshatafuna nusu. Anasema familia yenye miraa tamu hivi haiwezi kuwa mbaya.